Tupeane uzoefu: Tunaoishi na OCD, nyumbani na kazini mlisemaje?

Wakuu, salaam.

Kuna jamaa kazini kwetu, akipanga faili zikakaa mstari anasema "mimi nina OCD bwana". Simlaumu, ndivyo wengi walivyosikia. Ila chumba changu ni vurugu tupu, na ninayo kweli, haya maradhi ya akili ya mawazo na hofu zinazojirudia hadi unalazimika kurudia mambo. Kinachonitesa ni shaka. Nafunga koki ya mtungi wa gesi, naishika, naiona imefunga, na kichwa kinauliza: una hakika? Nafika getini, narudi. Simu yangu imejaa picha za koki na kitasa cha mlango, nilizopiga ili nizitazame nikiwa kwenye daladala. Nikifika Ubungo kichwa kinauliza tena: hiyo picha ni ya leo au ya jana?

Ilinianza nikiwa sekondari, na umri huo ndio inapowaanza wengi. Nyumbani waliniita "mzee wa kurudia". Kila Oktoba, wiki ya pili, kuna wiki ya kuhamasisha watu kuhusu OCD, nami safari hii nimeamua kuwaambia wenzangu kazini. Kabla sijafungua mdomo, nyie mlifanyaje? Funguka hata kwa mistari miwili.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Asalaam alaykum. Yangu ilikuwa ya udhu. Nikifika miguuni nahisi mkono wa kushoto maji hayakufika kwenye kiwiko, naanza upya. Alfajiri nilikuwa nadamka kabla ya adhana, na jua linachomoza nikiwa bado bombani, vidole vimekunjamana. Watu wakasema mashaallah, mcha Mungu. Mwenyewe nilishaanza kuiogopa sala.

Sheikh wetu aliniambia maneno niliyoyasikia tangu chuoni: yakini haiondolewi na shaka, umeosha basi umeosha. Nayajua, lakini akili haiyashiki. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema niende kwa daktari wa akili, Mungu amjaze kheri. Daktari akanipa kazi: kopo moja la maji, udhu mara moja, kisha nikaswali na shaka yangu hivyo hivyo, bila kurudi. Siku za mwanzo nilitetemeka kwenye msala. Ile hofu inapanda, ukiiacha bila kuitii, inashuka yenyewe.

Na wanaosema haya ni maradhi ya kuiga Wazungu: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alishaueleza wasiwasi wa namna hii kuwa ni maradhi ya nafsi yanayotibika.

Mzee wa Maombi

Hayo ni mapepo tu. Dawa ni maombi.

Mleta mada

Mkuu, kila Jumapili naombewa na Jumatatu nameza dawa. Havijagombana.

Mama K

Nimefungua akaunti mpya ili niandike hili. Yangu ilikuja baada ya kujifungua. Nikishika kisu kukata vitunguu, picha inaniingia kichwani namdhuru mwanangu. Mwanangu ninayempenda kuliko chochote! Nikaficha visu juu ya kabati. Nikakataa kumwogesha peke yangu, kila siku nina kisingizio, mara mgongo, mara kizunguzungu. Mama mkwe akaanza kusema mtoto simtaki.

Sikumwambia mtu kwa sababu moja: niliogopa ningenyang'anywa mtoto na kuitwa kichaa. Siku nilipomwambia daktari nilikuwa nalia, yeye hakushtuka hata kidogo. Alinieleza kuwa mawazo haya huwapata wazazi wengi, na kwamba wazo linalokutia hofu na kukufanya ukimbie si sawa na kutaka kutenda. Alinihoji kwa kirefu, kisha tukaanza tiba. Sasa nakata vitunguu mtoto akiwa kwenye mkeka pembeni yangu. Mama mkwe nilimweleza baadaye, mbele ya mume wangu. Alinyamaza sana, halafu akasema hata yeye kwa mtoto wake wa pili aliwahi kuogopa kusimama naye karibu na kisima. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu!

Tabibu Mstaafu

Niongeze kidogo. Dawa zinazotumika sana ni fluoksetini na sertralini, na OCD mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko sonona. Huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya tatu na usiache ghafla bila daktari. Tiba ya kuikabili hofu bila kurudia, kama ile ya kopo la Bi Mkubwa, ilianzia London miaka ya 1960 na ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Muulizeni daktari kwa kuitaja tiba hiyo yenyewe, maana kuongea tu kuhusu utoto wako hakutoshi.

Shemeji wa Wote

Mimi sina, mke wangu anayo. "Nimefunga mlango?" Nikimjibu umefunga, anatulia kidogo tu, anauliza tena. Mtaalamu alituambia jibu langu ndilo linaloilisha. Tukakubaliana nimjibu: "Hilo swali ni la OCD, mimi naongea na wewe." Wiki ya kwanza alininunia vibaya mno. Siku hizi akiniuliza anaanza kucheka kabla sijajibu. Msifanye hivi bila kukubaliana kwanza, mtaonekana mna roho mbaya.

Mleta mada

Mrejesho: nimewaambia. Bosi alitaka kuniondolea zamu ya kufunga ofisi, akidhani ananisaidia. Nimemwomba aniachie. Nikikwepa funguo leo, kesho nitakwepa na mlango. Nafunga mara moja, naondoka, jasho linanitoka hadi kituoni. Picha za koki nimefuta, isipokuwa moja. Hiyo bado tunabishana.

Mgeni wa Mwanza

Nimesoma mwanzo mwisho. Mdogo wangu ananawa mikono mpaka inatoa damu. Mwenye kumjua anayefanya hiyo tiba ya kopo huku Mwanza naomba anielekeze, nauli na muda wa kumsindikiza ninao.