Watu mashuhuri walioingia dini ya Buddha ni akina nani?

Mwalimu wa Masasi: Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Nafundisha historia sekondari. Kijana wangu wa kidato cha tatu kaniuliza: wapo watu wakubwa waliohamia Ubuddha, na kwa nini? Nataka kumpa jibu lenye uzito.

Mzee wa Mikindani: Marahaba. Anza na Mfalme Ashoka wa India. Aliiteka nchi jirani ya Kalinga karne ya 3 kabla ya Kristo, kisha akaamuru ichongwe mwambani kwamba watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa, naye anajuta. Mtawala gani huandika hivyo?

Binti Lindi: Mzee, shikamoo. Mimi ningemweka mbele Ambedkar, naye wa India. Alizaliwa 1891 katika tabaka lililohesabiwa najisi. Shuleni alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani. Akishikwa na kiu haruhusiwi kugusa bomba, hadi tarishi amfungulie. Tarishi asipokuwepo, hanywi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba ya India! Mwaka 1935 alitangaza kwamba hatakufa ndani ya dini ya Kihindu. Hakukurupuka, alisoma na kupima kwa miaka mingi. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, akaingia Ubuddha pamoja na wafuasi wake laki kadhaa. Desemba 6 akafariki.

Mzee wa Mikindani: Yuko pia mwimbaji Tina Turner, miaka ya 1970.

Mwalimu wa Masasi: Ahsante dada. Hao wafuasi wa Ambedkar waliapa nini?

Binti Lindi: Viapo 22, Mwalimu. Kimojawapo ni kuamini kwamba binadamu wote ni sawa.