Tupeane uzoefu: kumsalimia usiyemjua, na kuizuia hasira mbele za watu

Mwanzishaji (Mjini, Unguja)
Nilihamia Mji Mkongwe kikazi nikitokea Chake Chake, na kwa wiki tatu za mwanzo niliamini kwamba watu wa mtaa ule wana kiburi, kwa sababu kila jioni nilipita mbele ya baraza ya wazee wanaokunywa kahawa na kucheza bao, wala hakuna hata mmoja aliyenisalimia. Kinyongo kilikua hadi nikawa napita uchochoro wa nyuma wenye matope. Siku moja mvua ilinilazimisha kujikinga kwenye ukumbi wao, nikatoa salamu shingo upande. Waliitikia wote kwa pamoja, nikasogezewa kikombe, na mmoja wao akaniambia, "Mwanangu, sisi tumekaa, wewe ndiye unayepita. Ulitaka tuanze sisi?" Nilitahayari, maana adabu hiyo niliisoma chuoni tangu utotoni: apitaye humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi. Tangu siku hiyo huanza mimi, kisha husubiri niulizwe natoka wapi, swali ambalo kwetu si udaku bali ni namna ya kutafuta jamaa tunayemjua sote. Naomba wenzangu mueleze yaliyowakuta, hasa pale hasira ilipowatangulia.

Mchangiaji (Wete)
Yangu yalitokea ndani ya feri iliyokuwa ikitoka Mkoani kwenda Unguja. Niliondoka kidogo kununua maji, na niliporejea nikakuta mtoto amelazwa kwenye kiti changu. Nilipaza sauti kabla hata ya kusema "samahani, dada yangu". Wengi wetu tunaijua hadithi ya Mtume inayomwelekeza mwenye hasira akae iwapo amesimama, na asipotulia ajilaze. Lakini mtu atakaaje wakati kiti chenyewe ndicho kinachogombewa? Mwisho nilikaa juu ya begi langu, pale pale njiani, zaidi kwa kuchoka kuliko kwa busara. Nikiwa chini ndipo nilipoona ambalo sikuliona nilipokuwa nimesimama, kwamba yule mama hakukunja uso kwa ujeuri, bali bahari ilikuwa imemchafua vibaya, na alimlaza mtoto pale kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mfuko wa kutapikia. Nilimpakata mtoto mpaka tukafika bandari ya Malindi. Msamaha niliuomba tulipokuwa tunashuka, na yeye akadai kwamba hakusikia neno nililosema, jambo ambalo mimi siliamini.

Mchangiaji (Makunduchi)
Mimi sikubaliani kwamba kila hasira inafaa kumezwa. Kwetu, katika sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili vinyongo vya mwaka mzima viishie uwanjani, huku wanawake wakiimba. Siku hiyo hiyo si vizuri nyumba kukosa mgeni, kwa hiyo hata mpita njia asiyejulikana hukaribishwa chakula. Nilikuwa na ugomvi na jirani yangu juu ya mpaka wa shamba, na tulikuwa hatuamkiani. Nilimpiga mabua matatu, akanirejeshea manne, tukacheka mbele ya watu. Mpaka wenyewe hatujaafikiana hadi leo, lakini asubuhi hubisha hodi akaomba moto.

Mchangiaji (Darajani)
Nyinyi mmesimulia yaliyosuluhika. Mimi nauza vitambaa, na mwaka juzi bibi mmoja mtu mzima alinifungulisha majora sita ya kanga kisha akasema kwamba anatazama tu. Nilikuwa nimefunga, jua kali, nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakunijibu. Alizikunja kanga moja baada ya moja kama nilivyokuwa nimezipanga, akaniaga kwa salamu kamili, akaenda zake. Kila nikimuona sokoni humkimbilia na shikamoo, naye huitikia marahaba vizuri kabisa, kisha huingia duka la jirani yangu.