Mrejesho: kadi ya grafiki kwa kompyuta ya zamani

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini kompyuta yangu ya mezani ya mwaka 2012, ambayo kadi yake ya grafiki (kifaa kinachotoa picha kwenye skrini) iliungua, haikuwaka kabisa baada ya kuwekewa kadi kubwa niliyoiazima kwa rafiki hapa Moshi. Mlinishauri nisome kwanza kibandiko cha pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na kumbe hapo ndipo palipokuwa na tatizo: ilikuwa ya wati 240 tu, tena haikuwa na waya wa ziada wa pini sita ambao kadi ile iliudai, na sloti yenyewe ya PCI Express, yaani tundu la ndani ambamo kadi huchomekwa, haitoi zaidi ya wati 75.

Nimenunua kadi nyingine ya grafiki, GeForce GT 1030 iliyotumika, karibu na soko la Mbuyuni, kwa sababu inatumia wati 30 hivi na haihitaji waya wake wa umeme. Kasha langu ni jembamba, kwa hiyo nilipima kwa rula kabla ya kulipa (muuzaji alicheka) na nikadai bati fupi la kuifungia. Kadi ni ya toleo la PCI Express 3.0 na ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta) ni wa toleo la 2.0, lakini zinaelewana bila shida.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni monita yangu ya VGA (aina ya zamani ya tundu la waya wa picha): kadi hii haina tundu hilo, hivyo nimelazimika kununua kigeuzi cha kutoka HDMI, tundu la picha lililo kwenye kadi, kwenda VGA. Sasa inawaka vizuri.