Kuacha nepi kwa mtoto mwenye mgongo wazi

Kutoka: Mama wa Coventry

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na nusu. Alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji akiwa mchanga, na sasa anatembea vizuri kwa viatu maalumu. Kinachotusumbua ni haja ndogo. Hajui mkojo unapomjia, nepi inalowa kidogo kidogo mchana kutwa. Hospitali wametufundisha kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba wa kuingiza kwenye kibofu (katheta), tunafanyia kitandani. Sasa shule anayotakiwa kuanza inasema ikifika Septemba awe ameacha nepi, la sivyo hawampokei. Mama mkwe kila akipiga simu kutoka Tanga ni lilelile: mnamdekeza, mvueni nepi atashika adabu. Mume wangu naye ameanza kuyumba. Mliopitia haya mlifanyaje? Na Desemba tunataka kwenda nyumbani, safari yenyewe naiogopa.

Kutoka: Mama wa Leicester

Pole mdogo wangu, na hongera kwa kulea. Binti yangu ana hali hiyohiyo na sasa yuko sekondari, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Mama mkwe ajibiwe kwa heshima, lakini ajibiwe. Mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo kwenda kwenye kibofu cha mtoto wetu haikujengeka sawasawa. Kibofu kikijaa, hapati habari. Mara nyingi hata mlango wa kibofu haufunguki kibofu kinapokaza, mkojo unabaki ndani, presha ya kibofu inapanda na mkojo unaweza kurudi juu mpaka kwenye figo. Mpira unalinda figo. Hata ukimvua nepi ukamkemea mwaka mzima, hawezi kubana kitu asichokisikia. Na neno kikojozi lisitamkwe nyumbani kwako hata kwa utani. Binti yangu aliitwa hivyo na mtu mzima kwenye harusi. Akawa hataki kunywa maji, tukaishia hospitali na UTI. Mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Mtoto wetu anafundishwa choo kwa saa, si kwa kungoja aseme amebanwa. Fuateni ratiba mliyopewa kliniki. Kwa wengi mchana ni kila saa tatu hadi nne. Ila uhamisheni mpira kutoka kitandani kwenda chooni, kuanzia kesho. Aingie mwenyewe, ashushe suruali, anawe mikono kwa sabuni, akushikie pakiti, mkojo ushukie kwenye bakuli la choo, avute maji, anawe tena. Mtoto anayefanya hayo kila siku amekwisha kuanza kufundishwa choo, hata kama nepi bado iko. Wengi wakishaanza shule ya msingi hujifunza kujiwekea wenyewe, na wa kiume huwa rahisi kidogo kwa sababu anaona anachofanya. Binti yangu alianza kwa kioo kidogo.

Akiendelea kulowa katikati ya mipira, weka daftari: saa, kiasi kilichotoka, amelowa au mkavu. Mpelekee nesi wa kliniki ya kibofu. Mara nyingi daktari huongeza dawa ya oksibutinini ili kibofu kitulie, lakini inakausha mdomo na inafunga choo, kwa hiyo uwe macho. Usimpunguzie maji ili abaki mkavu! Punguza chai. Najua kwetu mtoto anakunywa chai tangu anatambaa, lakini kafeini inachokoza kibofu, na soda za kola ni hivyohivyo.

Halafu kuna haja kubwa, ambayo watu huisahau. Utumbo ukijaa choo kigumu unakibana kibofu, na mtoto atalowa hata mkifuata saa kwa uaminifu. Baada ya kula mkalishe chooni dakika tano mpaka kumi. Miguu iwe juu ya kigoda, magoti yapande juu ya nyonga, umpe chupa ya mapovu ya sabuni apulize. Akipuliza, tumbo linakaza na kusukuma bila yeye kujua, na wewe unaona kabisa kitumbo kinavyofanya kazi. Choo kikifunga, mwombe daktari wa familia unga wa makrogoli, dawa ya kulainisha choo.

Jingine: watoto wa mgongo wazi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya mzio (aleji) wa lateksi, yaani mpira wa asili. Shule waambiwe kabisa kuhusu glavu, na maputo ya sikukuu za kuzaliwa.

Kuhusu shule, usiogope. Sheria ya Usawa ya hapa Uingereza ya mwaka 2010 inawataka wafanye marekebisho yanayowezekana kwa mtoto mwenye ulemavu, na sharti la kwamba kila mtoto awe ameacha nepi haliwezi kuwekwa juu yake hivihivi. Andika barua pepe, usiongee mlangoni tu. Omba kikao cha mpango wa matunzo, aje nesi wa kliniki, iandikwe nani atamwekea mpira, saa ngapi na choo kipi. Wakishikilia, wapigie Shine (shirika la watu wenye mgongo wazi) au ERIC (shirika la matatizo ya choo na kibofu kwa watoto), ushauri wao ni bure.

Kutoka: Baba wa Leeds

Naongeza la makaratasi tu. Mtoto wa chini ya miaka 16 anayehitaji uangalizi mkubwa kuliko wenzake wa umri wake anaweza kuombewa DLA, posho ya serikali kwa mtoto mwenye ulemavu. Kwenye fomu usiandike "tunamsaidia choo". Andika kila kazi na dakika zake, pamoja na kubadilisha shuka usiku. LAKINI tazama viza yako kwanza. Kama imeandikwa huruhusiwi fedha za umma, usiombe kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Dawa na katheta za daktari hazimo humo, kwa mtoto hapa England ni bure. Kliniki mkiomba mkalimani wa Kiswahili mnapewa pia bila malipo, dada mkubwa wa mtoto asifanywe mkalimani.

Kutoka: Mama wa Coventry

Nimelia, nimesoma, nimempa mume wangu naye asome. Ahsanteni mno. Barua pepe ya shule naandika leo usiku. Na safari je? Ndege, halafu basi mpaka Tanga, na joto la Desemba?

Kutoka: Nesi wa Reading

Katheta zote za safarini zikae kwenye mkoba wa mkononi, na akiba nyingine kwenye begi jingine, maana mabegi hupotea. Mwekeeni mpira kabla tu ya kupanda ndege na kabla ya basi kuondoka. Joto linataka maji zaidi, si kidogo. Homa, kutapika au mkojo mchafu unaonuka visingoje mpaka mrudi. Kama ana shanti kichwani (mrija wa kutoa maji yanayozidi kwenye ubongo), kutapika pamoja na kichwa kuuma au usingizi usio wa kawaida ni hospitali siku hiyohiyo. Dar kuna MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu, pale Muhimbili, wanawafahamu watoto hawa. Mtakutana na wazazi wanaoosha katheta na kuitumia tena, msiwashangae, mpango wao unatokana na kliniki yao. Nyie fuateni maelekezo ya pakiti zenu. Beba barua ya hospitali yenye jina la hali yake, dawa zake, na maelezo kwamba katheta ni za matibabu, kwa ajili ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Iombeni sasa, msisubiri Novemba.