Naomba ushauri: nimechoka uhasibu serikalini, nataka nibaki na nyuki tu

Mhasibu Porini (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mimi ni mhasibu wa halmashauri moja huku kanda ya kati, nina mke na watoto watatu. Kazi nimeanza Julai 2012. Sina kesi, sina hoja ya ukaguzi inayonihusu, na bosi wangu si mtu mbaya. Ila nimechoka jamani. Simu ya mkaguzi ikiita moyo unakimbia. Nikilala naota MUSE, ule mfumo wa malipo wa serikali, imegoma na malipo hayajapita. Juni ndiyo usiseme, mpaka tarehe 30 tunakesha ofisini kufunga mwaka wa fedha.

Sasa kuna shughuli ya nyuki. Nilianza na mizinga michache ya magogo ya baba mkwe kule Itigi, nikawa naenda mwisho wa wiki. Nikiwa porini na bomba la moshi, ule wasiwasi wote unakatika. Mwaka jana nilirina, ndoo zikaisha palepale Manyoni barabarani kabla sijafika nyumbani. Shida ni kwamba msimu mkubwa wa kurina unaangukia Juni hiyohiyo, na nyuki hawasubiri nifunge hesabu.

Swali langu ni moja tu: niandike barua ya kuacha kazi sasa hivi au nisubiri mwakani? Wenye uzoefu karibuni, matusi sihitaji.

Mzee wa Kijiwe
Andika leo. Mtaani kwangu kuna vijana wanne wana digrii za uhasibu, wanaingia Ajira Portal kila siku mpaka vioo vya simu vimepasuka. Wapishe.

Mama Wawili
Pole sana kaka. Mimi nilikuwa muuguzi. Wodi ya watoto, zamu za usiku, miguu imevimba, nikasema basi. Nikaacha, nikafungua mgahawa. Nilidhani naenda kupumzika! Mgahawa unaamka saa kumi alfajiri, mkaa umepanda, binti wa chapati kaolewa bila kuaga, wateja wa mkopo wanapita upande wa pili wa barabara. Mwaka wa kwanza nililia kuliko nilivyowahi kulia wodini. Sasa hivi nashika zamu chache kwenye zahanati ya mtu binafsi, mgahawa anasimamia mdogo wangu, na ninalala. Sijui hata kama nimejibu ulichouliza, umenikumbusha mbali tu.

Ntuzu Mstaarabu
Mleta mada, hebu tuambie ukweli. Hii ya kuchoka ghafla isije ikawa ni cheti cha kidato cha nne. Fagio la vyeti feki la 2017 lilikupita?

Mhasibu Porini
@Ntuzu cheti changu ni halali, nilihakikiwa kama wenzangu. @Mama Wawili asante dada yangu, ila mgahawa na nyuki ni vitu viwili. Nyuki hawaolewi.

Mama Wawili
Ila wanahama.

Kikokotoo
Tuongee namba, maana wewe ni mhasibu. Pensheni ya kila mwezi ya PSSSF, mfuko wetu watumishi wa umma, inataka uwe umechangia angalau miezi 180. Umeanza Julai 2012, kwa hiyo hesabu yako inatimia katikati ya 2027. Ukitoka kabla ya hapo umeikosa. Hata ukiitimiza usitegemee kulipwa kesho yake, unangoja umri wa kustaafu, 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Kila mwezi wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15. Hiyo 15 hakuna nyuki atakayekuwekea. Binafsi ningevumilia mpaka hapo, hata kwa kuomba likizo bila malipo katikati kama mwajiri ataridhia.

Mhasibu Porini
Hizo hesabu nazijua mkuu, nimeshazipiga sana. Pensheni ni ya uzeeni, na hii presha inaweza isinifikishe huko. Mimi nauliza sasa au mwakani.

Dada Mkuu
Kaka Mhasibu, watu wanakujibu wewe unarudi palepale. Nauliza mambo mawili. Shemeji anasemaje? Na una mkopo?

Mhasibu Porini
Mke wangu ananiunga mkono kwenye mambo yangu yote.

Dada Mkuu
Umejibu nusu ya kwanza, na hata hiyo kwa kuzungukazunguka. Mkopo?

Mlevi wa Amani
Dada Mkuu angekuwa mkaguzi, halmashauri nyingi zingefungwa.

Mhasibu Porini
Kwani ni mtumishi gani asiye na mkopo? Upo. Milioni 22, bado miaka minne na ushee. Ni wa kawaida, unakatwa kwenye mshahara, na theluthi yangu ya kisheria inabaki.

Dada Mkuu
Ulikopa kwa ajili gani?

Mhasibu Porini
Nyumbani tulikubaliana ni wa kupaua nyumba.

Dada Mkuu
Na nyumba imepauliwa?

Mhasibu Porini
Nimenunua mizinga 120 ya kisasa. Nyumba itapauliwa kwa asali. Wife nitamwambia mzigo wa kwanza ukiingia. Kabla hamjaanza kunihukumu, jueni kwamba bati halizai na mzinga unazaa. Isitoshe mizinga imeshatundikwa, hakuna kurudi nyuma.

Mzee wa Kijiwe
Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Usiandike barua. Andika wosia.

Mchungaji Mtarajiwa
Ndugu yangu, ndoa imejengwa juu ya ukweli. Kazi utapata nyingine, mizinga utauza, lakini mwanamke anayelala chini ya turubai huku akiamini mabati yanakuja, machozi yake hayaendi bure. Keti naye leo.

Mhasibu Porini
Mchungaji, hatulali chini ya turubai, tumepanga. Tusikuze mambo.

Kikokotoo
Basi ngoja nimalizie, maana sasa picha imebadilika. Benki ilikupa hela kwa sababu mwajiri anakukata kabla hujaushika mshahara. Ukiacha kazi, huyo mkataji hayupo, na deni linabaki lako na riba inatembea. Ile bima uliyokatwa siku ya kwanza kwa kawaida ni ya kifo na ulemavu wa kudumu, hailipii mtu aliyechoka. Nenda kaulize tawini kwako, kwa maandishi, kabla barua haijafika kwa mkurugenzi.

Mrina wa Sikonge
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Nimezaliwa kwenye nyuki, babu yangu alikuwa anatundika mizinga ya magome. Kuna kitu hakikai sawa. Unasema nyuki hawasubiri. Asali ikishaiva, nyuki wanaifunika kwa nta, na sega likishafunikwa asali inakaa humo wiki na wiki bila kuharibika. Kinachoharibu ni pupa: ukirina sega halijafunikwa, asali ina maji mengi, inachacha kwenye ndoo. Sisi msimu unaanza Mei, wengine tunamaliza Julai, wengine Agosti. Wenye haraka ni wezi na nyegere, na hao dawa yake ni mlinzi na waya. Mtu aliyewahi kurina asingesema lazima aache kazi kwa sababu ya Juni.

Halafu hiyo mizinga 120, mingapi ina nyuki? Kutundika siyo kupata. Mimi natega kwa kupaka nta, na bado kuna mizinga inakaa mitupu msimu mzima. Maji yakikauka karibu, wanahama hata walioingia. Ukipata kilo kumi na kitu kwa mzinga, shukuru.

Mlevi wa Amani
Nimeanza kusikia harufu ya tangawizi humu. Hii ni CHAI.

Ntuzu Mstaarabu
Chai na vitumbua. Mhasibu wa serikali anakopa milioni 22 za paa, ananunua mizinga bila mke kujua? Mke wangu anajua mshahara wangu kabla sijaupata.

Mhasibu Porini
Siyo chai. @Mrina, hayo ya nta nayajua. Ishu ya Juni ni kwamba mimi nina mkataba. Waliouza mizinga ndio wanaonunua asali, kwa bei ambayo imeshaandikwa, na gari lao linapita Juni tu. Hata mafunzo wametupa. Wamesema mzinga mmoja wa kisasa unatoa lita 40 kwa msimu, misimu mitatu kwa mwaka.

Mrina wa Sikonge
Lita arobaini mara tatu? Hao nyuki wana ng'ombe?

Dada Mkuu
Kwa hiyo kila tunapokubana kinatoka kitu kipya. Nyuki, mkopo, paa, sasa kampuni. Anayekuuzia mzinga kwa ahadi ya kununua mazao ameshapata faida yake siku unaponunua mzinga. Huo mkataba unasema nini gari lisipokuja?

Mzee wa Kijiwe
Wadau, mimi nasema hili ni tangazo. Anaanza na huruma, anataja lita, kesho atatuwekea namba ya wakala. Wakati wa kware ilikuwa hivihivi, yai moja likawa linatibu kila kitu. Shemeji yangu alibaki na kware nyumba nzima, akaishia kuwala wote yeye na familia.

Mhasibu Porini
Sijataja jina la kampuni hata mara moja! Ningekuwa natangaza ningeficha jina? Nimekuja na shida yangu mnaniita tapeli. Mizinga yenye nyuki ni thelathini na kitu, mingine nyuki wanaendelea kuingia. Barua ipo kwenye droo, haijasainiwa. Na mkataba hauna kipengele cha gari kutokuja kwa sababu gari litakuja.

Mama Wawili
Jamani mwacheni. Kaka, mimi naomba kuuliza pembeni ya mada. Asali yangu ya mgahawani imeganda chini kama sukari. Nimetapeliwa?

Mrina wa Sikonge
Hapana dada. Asali halisi nyingi zinaganda, hasa kwenye baridi. Iweke kwenye maji ya moto kiasi, usiichemshe, itarudi. Na hizo habari za kuchovya njiti ya kiberiti uone kama itawaka, achana nazo. Nunua kwa mtu unayemjua.

Mlevi wa Amani
Njiti inafanya kazi bwana, bibi yangu alikuwa anapima hivyo.

Mrina wa Sikonge
Bibi yako alikuwa anapima kiberiti.

Kikokotoo
Turudi kwa mleta mada. Hiyo thelathini inamudiwa na mtu mwenye kazi. Lipa warina wawili wa hukohuko, wape sehemu ya asali, wewe nenda Julai mwaka ukishafungwa. Na hii ya gari, mtafute mnunuzi mwingine, si umesema ndoo ziliisha barabarani?

Mhasibu Porini
Ushauri mzuri mkuu, ila mkataba unanizuia kumuuzia mtu mwingine.

Dada Mkuu
Haya. Cha tano hicho.

Mama Wawili
Ile ya magogo ya baba mkwe haimo kwenye mkataba, au siyo? Mimi nahitaji ndoo mbili, niko Dodoma mjini. Bei gani?

Mhasibu Porini
Njoo chemba dada.

Mzee wa Kijiwe
SI NILISEMA?