Rimu za John Deere 110 la mwaka 1966: enameli, rangi ya unga au poliyurethani?

Karakana ya Madison
Ndugu zangu, hamjambo. Ninalo trekta dogo la bustani, John Deere 110 la mwaka 1966, lililoundwa Horicon, mwendo wa takribani saa moja tu kutoka hapa ninapoishi Wisconsin. Boneti nimeamua kuiacha na kijani chake kilichochoka, kwa sababu uchakavu wake ni wa haki. Rimu ndizo haziwezi kubaki zilivyo: za nyuma, za inchi 12, zimeshika kutu kuzunguka tundu la vali, na za mbele, za inchi 8, zimebabuka pale ambapo mtu fulani aliwahi kutoa tairi kwa nondo. Nataka zirudie umanjano waliotoka nao kiwandani. Nina njia tatu: enameli ya alkidi, yaani rangi ya mafuta ya kopo, ambayo wauzaji wa matrekta bado wanayo, rangi ya unga, inayookwa kwenye tanuri, na poliyurethani ya sehemu mbili, ile ya magari. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozitumia kwenye rimu hasa, maana mateso ya rimu si mateso ya boneti.

Njano na Nyeupe
Karibu, kaka. Mimi nipo Louisville, Kentucky, mji ambao International Harvester iliundia Cub Cadet zake, na rimu nyeupe za matrekta hayo nimezipiga rangi mara nyingi kuliko nilivyopiga rangi kuta za nyumba yangu. Kabla ya kuchagua, tuelewane kwanza juu ya kilichotoka kiwandani. Ilikuwa enameli ya tabaka moja, iliyokaushwa kwa joto, bila ile rangi angavu ya juu, inayoonyesha kama kioo, inayowekwa kwenye magari ya siku hizi. Ukitaka uhakika, futa rimu yako kwa kitambaa chenye maji: kitambaa kikitoka na manjano, basi hakuna tabaka jingine juu yake na rangi yenyewe ndiyo inayogeuka chaki. Halafu geuza rimu utazame upande wa ndani. Kwenye zangu nimekuta matone ya rangi yaliyoganda kama machozi, na alama za kulehemu zinaonekana wazi pale sahani ya katikati inapokutana na duara. Hakuna aliyejisumbua kuzilainisha, kwa kuwa chombo hiki kilikusudiwa kukata nyasi na kusukuma theluji. Anayejaza putini kila shimo na kuongeza rangi angavu juu anapata rimu inayong'aa kuliko ilivyong'aa siku ilipouzwa.

Kwa sura, kwa hiyo, kura yangu ni enameli ya alkidi. Udhaifu wake ni kwamba haina haraka. Ukiigusa kesho yake utadhani imekauka, lakini ndani bado ni laini, na ukivalisha tairi wiki hiyohiyo ukingo wa tairi utaivua kama ganda la kiazi. Petroli nayo huilainisha ikimwagikia mapema. Ipe wiki tatu au nne mahali penye joto, au itie hadena, kemikali ya kuifanya iwe ngumu upesi.

Tanuri la Ohio
Naheshimu aliyosema mwenzangu, ila rangi ya unga isihukumiwe kwa kazi mbovu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Rimu hupigwa mchanga hadi chuma cheupe, huunganishwa na ardhi, unga hupewa umeme na kunata juu yake, kisha rimu huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika kumi hadi ishirini baada ya chuma chenyewe kufikia joto hilo. Ikitoka tanurini na kupoa, unaweza kuvalisha tairi siku hiyohiyo. Kwa mtu anayefunga minyororo ya theluji kwenye magurudumu ya nyuma, enameli ya kopo haifui dafu mbele yake. Beringi za magurudumu ya mbele lazima zitolewe kabla ya kuoka, la sivyo grisi itayeyuka na kuharibu kila kitu. Waambie pia kwamba unataka njano ya mng'ao wa kawaida, kwa sababu wengi hukupa ile inayong'aa sana bila kuuliza.

Farasi Mwekundu
Shikamoo mzee wa tanuri. Mimi ni wa Wheel Horse, lile trekta jekundu lenye rimu za rangi ya krimu lililozaliwa South Bend, Indiana, na nina ushuhuda ambao si mtamu. Nilipeleka rimu nne kwa karakana moja ya rangi ya unga, zikarudi nzuri kama sahani za harusi. Baada ya kukata nyasi mara mbili nikasikia mlio nyuma, tak, tak, kila gurudumu lilipozunguka. Bolti zilikuwa zimelegea. Nilipozitoa nikaona sababu: kwenye yale matundu yenye mteremko, mahali bolti inapokaa, unga ulikuwa umelala mnene, na bolti ilipokazwa ilikuwa inakandamiza rangi badala ya chuma. Rangi ilipopasuka na kupungua unene, mkazo ukapotea. Sehemu rimu inapogusana na kitovu, yaani kile kipande cha ekseli inapofungwa, nayo ilikuwa na hali hiyohiyo.

Tanuri la Ohio
Marahaba. Hilo ni kweli na ni kosa la aliyepaka. Unga kwa kawaida hufikia mikroni 60 hadi 80, karibu mara mbili ya rangi nyingi za kimiminika za kiwandani. Matundu ya bolti, uso unaokaa kwenye kitovu na tundu la beringi huzibwa kwa vizibo au utepe unaostahimili joto. Mteja asipouliza, fundi mvivu hazibi.

Karakana ya Madison
Asanteni. Basi naelekea kwenye enameli yenye hadena, ambayo naona inanipa sura ya zamani bila hatari ya poliyurethani. Au nakosea?

Mama Rangi
Unakosea, mwanangu, na nakwambia kwa upendo, kwa kuwa nimefanya kazi ya kupuliza rangi za magari kwa miaka mingi. Hadena nyingi zinazouzwa kwa ajili ya enameli za matrekta zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zilezile zilizomo kwenye poliyurethani ya magari. Zinaweza kuufanya mwili wako uzikatae moja kwa moja, ukapata pumu ambayo hurudi kila unapokutana nazo hata kwa kiasi kidogo. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kama huna, tumia alkidi tupu na uwe na subira, au mpe kazi hiyo mwenye chumba cha kupulizia.

La pili linahusu rangi iliyopo sasa. Manjano ya viwandani ya miaka hiyo mara nyingi yalitokana na kromati ya risasi. Usiipige msasa mkavu hata kidogo, wala usiipige mchanga uani, kwa sababu vumbi hilo litakaa kwenye nyasi wanazochezea watoto. Loanisha msasa, tandika plastiki chini, kusanya tope lote. Sifa moja ya kromati ni kwamba ilifunika vizuri sana. Njano za leo zisizo na risasi hufunika kidogo, kwa hiyo ukizipiga juu ya praima ya kijivu au nyekundu utahitaji tabaka nyingi na bado itaonekana chafu. Weka praima nyeupe, nayo njano itasimama.

Njano na Nyeupe
Nakiri kosa, mama. Niliandika hadena kana kwamba ni sukari ya chai. Kaka, kutu ile ya kwenye vali inanitia shaka. Je, matairi ya nyuma yalikuwa na maji ya chumvi ya kalsiamu? Watu waliyajaza ili kuongeza uzito bila kuganda wakati wa baridi, na yakivuja hula rimu kutoka ndani. Toa tairi kabla ya kununua rangi yoyote.

Karakana ya Madison
Nimetoa matairi yote mawili ya nyuma leo. Ulisema kweli: tope la kahawia lenye chumvi lilimwagika sakafuni, nikalisafisha kwa ndoo nne za maji. Chini ya ukingo wa tairi upande wa nje palibaki mduara wa njano wenye upana wa kidole, haujaona jua tangu kiwandani, nao umekolea kuliko sehemu nyingine yoyote. Huo ndio nitakaoulinganishia kopo. Rimu tatu zitapata praima nyeupe na alkidi tupu, kisha zitaning'inia karibu na tanuri la kupashia nyumba joto hadi mwezi uishe. Rimu ya nne imeliwa kabisa karibu na vali, msumari unapita bila kusukumwa. Kama kuna mwenye rimu ya nyuma ya 110 ya inchi 12, yenye kutu ya juujuu tu, naomba anijulishe. Rangi iliyo juu yake hainihusu.