Seli shina za tezi ya pituitari: zipo kweli, au ni maneno ya wauzaji?

UmmuSwaleh, Majengo

Assalam alaykum wenzangu. Wifi yangu alipojifungua kifungua mimba alimwaga damu nyingi mno, akaongezwa damu usiku ule ule. Mtoto mzima, alhamdulillah, lakini maziwa hayakutoka hata tone. Tukampikia uji wa pilipili manga, tukamkanda, wapi! Hedhi nayo haikurudi tena. Kisha ikawa ajabu: joto la kaskazi, sisi sote tumehamia barazani kutafuta upepo, yeye yuko ndani kajifunika leso mbili, analia baridi. Kila zahanati ikampa vidonge vya kuongeza damu. Hata daktari mmoja alipomuuliza habari za uzazi ule, akampima homoni, ndipo tulipoambiwa tezi ya pituitari imekufa sehemu kubwa, ugonjwa wa Sheehan. Sasa anatumia vidonge vya homoni, haidrokotisoni na thairoksini, na wallahi amekuwa mtu mwengine.

Neno langu ni hili. Kuna kijana anapita na pakiti za unga, maandishi ya dhahabu, «seli shina», kijiko kimoja asubuhi. Ukifungua wanukia vanila. Anamwambia wifi kwamba wataalamu wamegundua seli shina ndani ya tezi hiyo hiyo, kwa hivyo unga utaziamsha na vidonge aviache. Bei usiniulize. Je, ni kweli zipo? Na mtu anajuaje kwamba seli hii ni shina na ile siyo?

FundiHadubini, Tudor

Wa alaykum salaam, dada. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu kukata vipande vya nyama ya mwili na kuvipaka rangi. Nianze na la pili, maana ndilo linalomkata huyo kijana maneno.

Tezi yenyewe ni kama njegere, uzito wake karibu nusu gramu, imekaa ndani ya kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Ukiipaka rangi zetu za kila siku, sehemu ya mbele inaonyesha seli nyekundu, seli za samawati, na nyengine zisizoshika rangi sawasawa. Seli shina, yaani seli mama inayozaa seli za aina nyengine huku yenyewe ikibaki, haijitangazi hapo. Hata uangalie hadubini mpaka shingo iume, hutaioneshea kidole.

Kwa hivyo watu walitafuta njia za pembeni. Mwaka 2005 kundi la Leuven, Ubelgiji, lilichukua seli za pituitari ya panya, likazilowesha rangi inayoingia kwenye kiini, likazitafuta zile chache zinazoitema rangi hiyo nje. Tabia hiyo inajulikana kwa seli shina za uboho. Ni dalili nzuri, lakini dalili tu. Mwaka 2008 watafiti wa London wakaonyesha kwamba seli zenye protini ya SOX2, ambazo nyingi zimepanga ule mwanya uliobaki tangu tezi ikiumbwa tumboni, zikikuzwa kwenye sahani zinafanya vitonge vinavyoelea, na vitonge hivyo vinaweza kuzaa seli za homoni mbalimbali. Hapo wengi walishangilia. Mimi nasema ngoja: kwenye sahani seli hufanya mengi ambayo mwilini haifanyi.

Kazi iliyonitoshea mimi ni ya 2013. Makundi mawili ya London yalitumia panya waliobadilishwa jeni, wakapewa tamoksifeni, hii hii tunayoijua kwa saratani ya matiti. Dawa ile inawasha alama ya kudumu ndani ya seli yenye SOX2 peke yake, na kila atakayezaliwa na seli ile anairithi. Baadaye wakapasua wakatazama. Seli za homoni zenye alama zikaonekana, na seli mama zenye alama bado zipo. Panya wakiondolewa tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, zile shina zikazaa seli za kutengeneza ACTH, homoni inayoziamuru adrenali. Yaani zilijibu pengo lililokuwepo. Hapo ndipo nami nakubali kuziita shina, kwa panya.

Abdalla_Kongowea

Fundi, kwa hivyo mtu akiona SOX2 ndiyo basi, kaipata?

FundiHadubini, Tudor

Hapana, kakangu. SOX2 iko mpaka kwenye ubongo. Alama inakuonyesha pa kutazama, ushahidi ni watoto. Na zaidi: mwaka 2017 Wabelgiji waliziua nyingi za seli hizo kwa panya wakubwa, hazikujazwa tena, na seli za homoni zikaendelea kama kawaida. Inaelekea katika umri mkubwa hazina shughuli nyingi.

Sasa la wifi. Mimba huivimbisha tezi, inahitaji damu zaidi, na damu yake nyingi inafika kwa mishipa yenye presha ndogo. Damu ikimwagika, presha ikashuka, nyama yenyewe inakufa, na seli shina zinaishi ndani ya nyama hiyo hiyo. Unga unaomezwa utazifikia vipi? Protini yoyote iliyomo tumbo linaisaga kama samaki wa mchana. Muulize kijana.

NesiLikoni

Mimi sina habari za panya. Nasema hivi: haidrokotisoni ASIIACHE hata siku moja. Akiiacha ghafla presha huporomoka, anatapika, anazimia, na anaweza kufa. Homa kali au upasuaji, dozi hupandishwa kwa maelekezo ya daktari. Akitapika vidonge, mbio hospitali apigwe sindano. Na mkobani awe na karatasi iliyoandikwa ugonjwa wake, maana akizimia pale feri nani atajua?

UmmuSwaleh, Majengo

Mungu awalipe nyote. Pakiti aliyonunua nimeificha mimi, akiitafuta nitamsomea haya. Dada Nesi, Ramadhani inakaribia naye kashika lake, atafunga. Vidonge vya mchana atavifanyaje?

NesiLikoni

Asijipangie mwenyewe kuvihamishia daku na futari. Aende kliniki kabla mwezi haujaandama, amwambie daktari waziwazi kwamba anataka kufunga. Wenye hali yake wako kwenye hatari kubwa, wengine huambiwa wasifunge kabisa. Nenda naye wewe, maana peke yake atasema yuko sawa.